Dini Zote Si Moja, na Amani Haidai Ziwe Moja

Kuna kauli ambayo ukiitamka hadharani hapa Tanzania hupati wa kukupinga: dini zote ni sawa, Mungu ni mmoja, tunatofautiana njia tu. Huisema mgeni rasmi akifungua semina ya viongozi wa dini, huisema mshereheshaji kwenye harusi ya mseto, huisema abiria kwenye daladala mabishano yakianza kupanda. Watu huitikia kwa kichwa na mazungumzo huishia hapo. Mimi naipinga. Si kweli, na inatudhuru kuliko tunavyodhani.

Mimi ni Mwislamu. Naamini Muhammad ni mtume wa mwisho na Qurani ni neno la Mwenyezi Mungu. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mlutheri, naye anaamini Yesu ni Mwana wa Mungu, alisulubiwa, akafa, akafufuka siku ya tatu. Sura ya An-Nisaa inakanusha kwamba Isa aliuawa au alisulubiwa. Paulo naye, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, anasema wazi kwamba kama Kristo hakufufuka basi mahubiri yake na imani ya wasikilizaji wake ni bure. Ama mtu huyu alikufa msalabani nje ya Yerusalemu, ama hakufa. Mmoja wetu amekosea katika jambo alilolijengea maisha yake na kifo chake. Sote wawili tunalijua hilo, na Ramadhani futari inavuka ukuta kama kawaida.

Nitaambiwa kwamba Qurani yenyewe inatuamuru tuwaambie Watu wa Kitabu kuwa Mungu wetu na Mungu wao ni mmoja. Ni kweli, na naiamini aya hiyo. Lakini kitabu hichohicho kinawakataza wasiseme "watatu", na kinasema Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Ukichukua aya moja ukaiacha nyingine, hujaisoma Qurani, umeitafutia kazi. Na hayo ni mabishano ya ndugu wa karibu, wanaomtaja Ibrahimu mmoja. Pale Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na watu kutoka Sri Lanka. Ndani yake humkuti Muumba anayeombwa msamaha, maana Budha hakufundisha Muumba wa namna hiyo. Alifundisha namna ya kukomesha mateso na kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa upya. Mkristo anatafuta kukombolewa na dhambi, mimi natafuta kunyenyekea kwa Mola wangu nikutane naye Siku ya Hesabu, Mbudha anatafuta kuzima tamaa inayomfunga. Hata maradhi tunayodai kuyatibu ni tofauti, sembuse dawa.

Kauli hii ina watetezi wakubwa. Papa Fransisko, alipozungumza na vijana Singapore Septemba 2024, alizifananisha dini na lugha mbalimbali za kumwendea Mungu, na Wakatoliki wengi wakashtuka. Aliyeijenga kwa kina zaidi katika zama zetu ni mwanafalsafa Mwingereza John Hick, hasa katika kitabu An Interpretation of Religion cha mwaka 1989. Hick alikuwa Mkristo. Alipohamia Birmingham akaingia misikitini, kwenye mahekalu ya Wahindu na ya Masingasinga, na katika sinagogi, na kote akakuta watu wanaojinyenyekeza kama alivyozoea kuwaona kanisani. Alichokiona ni cha kweli na namheshimu kwa kukiona. Lakini tazama alichokifanya baadaye. Ili dini zote ziwe majibu ya wanadamu kwa Uhalisia mmoja usioelezeka, ilimbidi aseme kwamba Mungu kufanyika mtu katika Yesu ni sitiari. Ndiyo hoja ya kitabu chake cha 1993. Kwa hesabu hiyohiyo Allah ninayemsujudia, anayesikia na kuona na kulipa, anageuka sura tuliyoichora wenyewe juu ya kitu kisichojulikana. Dini zote zimekuwa sahihi baada ya kila moja kusahihishwa kwanza, na aliyeshika kalamu ya kusahihisha ni profesa. Hiyo nayo ni imani, ina madai yake juu ya Mungu, na inatukanusha sote kwa upole.

Upole huo ndio unaonisumbua. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kuchagua dini, pamoja na uhuru wa kuibadilisha. Mfikirie binti wa Kiislamu aliyebatizwa, au kijana wa Kikristo aliyetoa shahada. Huenda amefukuzwa nyumbani. Mmoja anajua kwamba kwa sheria ya Kiislamu hatamrithi babake tena. Ameyapima hayo yote akavuka, kwa sababu aliona upande mmoja ni kweli na mwingine si kweli. Ukimwambia dini zote ni sawa, unamwambia aliteseka bure. Babake anayelia chumbani unamwambia analia bure. Mimi niko tayari kubishana na mtu huyo hadi asubuhi. Siko tayari kumdogosha namna hiyo.

Nimekaa kwenye msiba mmoja Tanga ambapo jambo hili lilisimama wazi mbele ya watu. Marehemu alizaliwa Mwislamu, alioa Mkristo, na ndugu hawakuafikiana alikufa na dini gani. Chini ya turubai upande mmoja alikaa imamu, na sanda imeshanunuliwa. Upande wa pili mzee wa kanisa, na jeneza likiwa njiani. Adhuhuri ilikuwa inakaribia. Mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, akasimama akasema Mungu ni mmoja, tumzike tu. Hakuna aliyemjibu. Tumzike vipi? Kwa ubavu wa kulia kuelekea kibla, au chali ndani ya jeneza? Asaliwe, au asomewe ibada ya kanisa? Mwili ni mmoja na kaburi ni moja. Kilichotuokoa ni ushahidi: binti yake mkubwa, ambaye yeye mwenyewe ni Mwislamu, alisema kwamba baba alibatizwa mbele yake, akiwa na akili timamu, kwa hiari yake. Ilimuuma kulisema. Imamu akauliza mara mbili, kisha akawaambia watu wake kwamba huyu si wetu wa kumsalia, ila ni ndugu yetu wa kumzika. Vijana wa Kiislamu wakachimba kaburi na kubeba jeneza, na ibada ilipoanza wakasogea kando wakasimama kimya. Hakuna aliyejifanya anaamini asichokiamini, na kaburi lilifukiwa bila ugomvi.

Najua hofu iliyoizaa kauli ya dini zote sawa, na si hofu ya bure. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Mihadhara ya hadharani ya miaka ile ilijaa kashfa kuliko hoja. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani achinje nyama ya watu wote ulifika hadi mchungaji kuuawa. Aliyeyaona hayo anatamani kitu cha kuzima moto haraka. Ila itazame nyama yenyewe. Sehemu nyingi za nchi hii, kwa miaka mingi, Mkristo mwenye mbuzi wa Krismasi amemwita jirani Mwislamu aje achinje, na mama mwenye nyumba akaazima masufuria ambayo hayajawahi kupikiwa nguruwe. Hakuna katika ua ule aliyedai kwamba kisomo cha kuchinja ni kilekile na sala ya mezani. Walijua kabisa mwenzao anaamini nini na nini hawezi kukila, wakaipanga shughuli kwa kufuata hilo. Desturi ile ni maafikiano ya watu wanaotofautiana. Ilipoanza kuchukuliwa kama haki ya upande mmoja na kama dharau kwa upande wa pili, visu vikaingia, na hapo hotuba za kwamba sote ni kitu kimoja hazikumsaidia mtu.

Wazee wetu walibishana vizuri kuliko sisi. Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana Zanzibar alitafsiri Qurani nzima kwa Kiswahili, ikachapishwa 1923, na akaongeza maelezo ya kuwasaidia wahubiri wake kuipinga. Mwaka 1953 Waahmadiyya wakatoa tafsiri yao, kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi. Mwaka 1969 Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akatoa ya kwake, na ndani yake akawajibu waliomtangulia, Waahmadiyya hasa. Watu hawa walipingana waziwazi, ukurasa kwa ukurasa, na Kiswahili kikapata tafsiri tatu za Qurani ndani ya miaka isiyofika hamsini. Kila mmoja aliona maneno ya mpinzani wake yana uzito wa kutosha kukaa nayo miaka. Kwetu leo mambo yote yanamalizwa kwa tabasamu.

Watoto wetu ndio wanaoilipia tabasamu hiyo. Kipindi cha dini kikifika, darasa linagawanyika, Waislamu chumba hiki, Wakristo kile, na kengele ikilia wanarudi kukaa dawati moja. Kijana anamaliza kidato cha nne bila kujua kwa nini msalaba ni habari njema kwa mwenzake, au kwa nini kwangu kumshirikisha Mungu ni kosa zito kuliko yote. Mwalimu wa Maarifa ya Biblia na mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu mara nyingi wako ofisi moja. Kila muhula wabadilishane madarasa japo kwa wiki mbili, kwa ridhaa ya wazazi. Kila mmoja awaeleze watoto wa mwenzake anachokiamini yeye, kwa maneno yake mwenyewe, ajibu maswali yao yote, hata yale makali.