BARUA YA KARANI: Sakafu ya Shilingi Iko Wapi?



Jumapili moja baada ya Misa, mama mmoja wa kigango chetu alinijia ofisini. Katika pindo la khanga alikuwa amefunga dola 300. Mwanawe aliye ng'ambo alimpelekea kwa mkono wa rafiki, ili aezeke nyumba kabla ya mvua.

"Mbukwa, mwanangu," akasema. "Mjukuu wangu amenionyesha mchoro katika simu yake. Ati shilingi inashuka bado, haijafika chini, kwa hiyo nizishike dola nisiziuze. Wewe wasemaje?"

Nikamwambia, "Keti kwanza, mama. Nitakueleza kosa langu mwenyewe." Na ninyi pia nawaeleza, maana swali hili laulizwa katika nyumba nyingi siku hizi.

Mwishoni mwa mwaka 2024 parokia yetu ilipewa na marafiki dola 4,000 za kuezeka kanisa dogo la kigango. Mimi nilisomea ualimu, na hesabu nazipenda. Nikanunua daftari la miraba, na kila juma nikaandika humo bei ya dola, kisha nikaunganisha nukta kwa mstari. Kumbukeni jambo moja: bei ya dola ikipanda, shilingi ndiyo inayoshuka. Kwa hiyo nilichora nambari kubwa chini na ndogo juu, ili shilingi ionekane inavyoteremka.

Basi mwezi wa Oktoba 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,700. Mstari wangu ulikuwa umeteremka muda mrefu kama mtu ashukaye mlima. Nikaiambia kamati ya fedha, "Tungoje, itafika 3,000." Wazee wakaliheshimu daftari langu, wakakubali. Kabla mwaka haujaisha dola ikawa karibu 2,400! Fundi alikuwa anangoja, nasi tukauza kwa bei hiyo. Tulipoteza shilingi 300 katika kila dola, yaani 1,200,000 kwa jumla. Kwa bati la shilingi 30,000, hayo ni mabati 40. Upande mmoja wa kanisa lile ulinyeshewa mvua zote za mwaka ule, na kila nilipopita hapo niliinamisha uso.

Nilikosa nini? Nilitazama mstari tu, nisitazame kinachouvuta. Nchi yetu hupata dola nyingi zaidi katika nusu ya pili ya mwaka, wakati watalii wanapokuja na mazao kama tumbaku na korosho yanapouzwa nje. Dhahabu nayo huleta dola. Tena mwezi wa Septemba 2024 Benki Kuu ya Marekani ilianza kupunguza riba, na Benki Kuu yetu iliuza dola sokoni. Dola zikizidi sokoni, bei yake hupungua, kama mtama baada ya mavuno. Hayo yote hayakuwamo katika daftari langu.

Lakini sisemi kwamba michoro ni bure. Mwezi wa Aprili na wa Mei 2025 shilingi ilirudi tena karibu na 2,700, ikasimama palepale pa kwanza, kisha ikapanda. Kufika Oktoba 2025 dola ilikuwa kama 2,450. Wachoraji huita hiyo sakafu iliyogongwa mara mbili, na mstari wake hufanana na herufi W. Sababu yake si uchawi. Watu waliokosa kuuza dola kwa 2,700 mara ya kwanza huikumbuka bei ile. Ikirudi, huharakisha kuuza, na shilingi hupata nguvu.

Walakini sikieni sharti lao wenyewe. Wasema W haijathibitika mpaka mstari upite kile kilele cha katikati, nacho hapa ni ile 2,400. Basi mwenye dola akingoja uthibitisho huo, amekwisha kupoteza shilingi 300 kwa kila dola. Sakafu hujulikana kwa hakika ukiisha kuiacha.

Tena sakafu huvunjika. Tangu 2019 mpaka 2022 dola ilikaa karibu na 2,300, watu wakadhani hapo ndipo mwisho. Mwaka 2023 pakapasuka, na kabla mwaka huo haujaisha dola ikapita 2,500. Wazee wanakumbuka zaidi. Benki Kuu yetu ilipofunguliwa tarehe 14 Juni 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Mwaka 1986 shilingi ilishushwa kutoka 17 hata 40 kwa dola. Ni sakafu ngapi zimepasuka tangu hapo?

Sasa yafaa tufanyeje? Sisi wa nchi hii kavu tunajua jibu zamani. Mvua ya kwanza ikinyesha, mkulima mwenye akili hapandi mbegu zote siku moja, wala hangoji mpaka awe na hakika kwamba mvua imeshika. Hupanda sehemu, akabakiza sehemu. Fedha nazo ni hivyo. Unayoihitaji karibu, iuze sasa. Inayoweza kungoja, igawe mara mbili au tatu, uuze kwa nyakati mbalimbali. Hutapata bei bora kuliko zote, lakini hutaangukia mbaya kuliko zote. Mtaka yote hukosa yote.

Tena uza benki au katika duka la fedha lenye leseni, uchukue risiti. Usiuze njiani. Wala usidai kulipwa kwa dola hapa nchini: kanuni za Machi 2025 zakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni.

Nikamwuliza yule mama, "Paa lataka kiasi gani?" Akasema dola 200 zatosha. "Basi hizo uziuze kesho, maana mvua haisomi mchoro."

Akaenda mjini Jumatatu, akarudi na mabati juu ya gari la mizigo. Dola 100 zilizobaki alimpa mjukuu wake azitunze na kuandika bei yake kila juma katika daftari. Nami nimempa kijana lile la kwangu, lenye kosa langu ndani, aanze kwa kusoma hapo.

Ni mimi, Karani wenu.