Obama alipita bila kupingwa, kisha akagaragazwa

WENGI wetu tulimjua Barack Obama baada ya Julai 27, 2004, alipohutubia mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Boston. Vijiweni hapa Kunduchi hadithi yake bado husimuliwa hivyo: mtoto wa Mjaluo wa Kogelo aliibuka ghafla, na mwaka 2008 akachaguliwa Rais wa Marekani. Hadithi hiyo ni tamu, ila inaruka sehemu muhimu.

Itakumbukwa kuwa Obama alizaliwa Honolulu, Agosti 4, 1961. Baba yake aliondoka yeye akiwa mchanga, wakaonana tena mara moja tu, mwaka 1971. Alilelewa na mama yake, Ann Dunham, pamoja na babu na bibi wa upande huo. Alipofika Chicago mwaka 1985 kuhamasisha wakazi wa mitaa maskini ya kusini, jina lile la Kiluo halikuwa mtaji wa kisiasa.

Mtaji ulikuwa kuzijua kanuni. Mwaka 1996, akiwania useneta katika bunge la jimbo la Illinois, wasaidizi wake waliziwekea pingamizi saini za wadhamini wa washindani wake wanne, akiwemo Alice Palmer, aliyekuwa akikishikilia kiti hicho. Wote wakatoka, naye akabaki peke yake katika kura za maoni. Mtanzania aliyeshuhudia wagombea wa upinzani wakienguliwa kwa wingi katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 hahitaji kufafanuliwa maana ya kupita bila kupingwa. Tofauti ni kwamba kule ubishi ulihusu saini, zilizohakikiwa moja moja kwa daftari la wapigakura. Hapa wengi walilalamikia kuenguliwa kwa makosa madogo ya kujaza fomu.

Lakini kanuni hazikumbeba daima. Mwaka 2000 alimvaa Bobby Rush katika kuwania Bunge la Marekani, akagaragazwa kwa asilimia 61 kwa 30. Alionekana msomi wa Harvard, mgeni wa mitaa ile. Hapakuwa na kikao cha juu cha chama cha kulipindua jina lake likarudi, kama inavyotokea kwetu baada ya kura za maoni.

Alirejea kwenye useneta wa jimbo. Bahati nayo ikaja: Juni 2004 mpinzani wake wa Republican katika mbio za Seneti ya taifa, Jack Ryan, alijitoa kwa kashfa ya talaka. Novemba hiyo Obama alishinda kwa asilimia 70.