Msafiri Akifika Kakuma, Ale Nini?

Mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Nairobi akiulizwa leo ataje vyakula vitatu vya Thailand, si ajabu akavitaja bila kusita: pad thai, tom yum na ule mchuzi wa kijani wa nazi na pilipili. Huenda hajawahi kuvionja, lakini majina anayo. Mwanafunzi huyo huyo akiulizwa ataje vyakula vitatu ambavyo mgeni anaweza kuandaliwa Lodwar au Kakuma, ndani ya mipaka ya nchi yake mwenyewe, atanyamaza, au atajibu kwamba huko kuna njaa.

Tofauti hiyo haikuzuka yenyewe. Tambi za kukaanga ziitwazo pad thai, ambazo asili ya upishi wake ni Uchina, zilipigiwa debe na serikali ya Waziri Mkuu Plaek Phibunsongkhram katika miaka ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia hadi zikawa alama ya taifa. Mnamo 2002 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa kueneza mikahawa ya Kithai ulimwenguni, na mwaka 2024 supu ya tom yum kung ikaingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za utamaduni zisizoshikika. Sisi husema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wathai walikitembeza chema chao, na dunia ikanunua.

Tuwatazame basi wenyeji wa Turkana, kwa kuwa ndio wenye ardhi. Mfugaji wa huko ameishi tangu jadi kwa maziwa, nyama na damu ya mifugo yake. Maziwa huyaita ng'akile, na yale ya mgando ng'akibuk. Mwanaisimu hawezi kuyapita maneno hayo kimya: kiambishi ng'a- ni cha wingi, kama kilivyo katika ng'akipi, yaani maji. Kiturkana ni lugha ya Kiniloti na Kiswahili ni ya Kibantu; hazina nasaba hata chembe, lakini zote mbili zimeyaona maji na maziwa kuwa ni vitu vya wingi. Kisha kuna edodo. Hayo ni maziwa yaliyokwisha kuondolewa siagi, yakachemshwa na kuanikwa juani juu ya ngozi mpaka yakawa unga. Unga huo huwekwa akiba, na kiangazi kikizidi hukorogwa kwa maji au huchanganywa na matunda ya porini. Watoto wetu hufundishwa kwamba maziwa ya unga ni kazi ya viwanda vya Ulaya. Ni nani aliyewahi kuwaambia kuwa mama wa Kiturkana huyatengeneza bila kiwanda?

Matunda yenyewe si mageni kwa Mswahili kama anavyodhani. Mti ambao Waturkana huuita eeng'ol ni ule ule mkoma wa pwani. Mpwani huchukua miyaa yake akasuka mikeka na makanda. Mturkana naye husuka vikapu vile viuzwavyo barabarani Lodwar, lakini pia hula nyama ya tunda lake na kulisaga kuwa unga. Ekalale ni mkunazi, ambao matunda yake wanafunzi wa Lamu na Mombasa huyala wakitoka shuleni. Ama edung na edapal, hivyo ni vyakula vya shida: mbegu zake huchemshwa kwa saa nyingi, na zile za edung humwagwa maji na kutiwa mengine mara kadhaa, la sivyo humdhuru mlaji. Simshauri msafiri ajaribu kuzipika. Nazitaja kwa sababu maarifa ya kuondoa sumu katika chakula ni elimu kamili, nayo imo vichwani mwa wanawake wazee ambao hatujawahi kuwaita darasani.

Nyama ya mbuzi ipo kila mahali. Hata hivyo, afaa mgeni ajue kwamba kwa Waturkana nyama ina itifaki yake. Katika akiriket wanaume huketi kwa nusu duara, Ng'imoru na Ng'irisai, yaani mawe na chui, na kila mmoja hupata kipande kinacholingana na rika lake. Anayealikwa huko asichague pande, angoje agawiwe.

Lodwar ina samaki. Hutoka Ziwa Turkana kwa njia ya Kalokol: ngege na sangara, wabichi, wa kukaanga au waliokaushwa kwa chumvi. Kalokol ndipo palipojengwa kiwanda cha kugandisha samaki kwa msaada wa Norway, kikafanya kazi kwa muda mfupi mno, kwani gharama ya kutengeneza baridi katika joto lile ilishinda bei ya samaki. Wachuuzi wakarudia jua na chumvi, na biashara ikaendelea.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na hapo sufuria hubadilika. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, walipofika vijana wa Sudan waliotimuliwa na vita hadi Ethiopia, na kisha wakalazimika kuondoka huko pia serikali ya Mengistu ilipoanguka mwaka 1991. Wakafuata Waethiopia, Wasomali, Wakongo, Warundi na wengineo. Leo kambi hiyo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu wapatao laki tatu. Kila taifa lilikuja na upishi wake.

Kwa Mwethiopia msafiri atakula injera, mkate mpana wenye vitundu na uchachu kidogo, uliotandazwa sahanini kama kitambaa na kumiminiwa shiro au mchuzi wa nyama wenye berbere. Nafaka yake halisi ni tefi. Inapokosekana au kuwa ghali, unga wa mtama au wa ngano hushika nafasi yake, na mpishi hodari hahesabu hilo kuwa ni aibu. Baada ya chakula huja buna. Kahawa hukaangwa mbele ya mgeni, moshi ukampitia puani, ikatwangwa na kuchemshwa katika jebena, kisha ikamiminwa mara tatu. Mmimino wa kwanza huitwa abol, wa pili tona, na wa tatu bereka, ambalo ni neno letu baraka lililovaa kanzu nyingine. Basi anayeondoka baada ya kikombe cha kwanza amejinyima baraka kwa maana zote mbili.

Wasomali wana canjeero, ndugu mdogo wa injera, inayoliwa asubuhi kwa chai, sukari na mafuta ya ufuta. Mchana ni bariis yenye viungo na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni. Mgeni wa bara huisogeza ndizi hiyo akidhani ni ya kumalizia mlo. La! Huliwa pamoja na wali, tonge kwa tonge. Maziwa ya ngamia nayo hayakosekani, na akiagiza sambuus ataletewa sambusa aijuayo. Kwa watu wa Sudan na Sudan Kusini kuna ful ya maharagwe, kisra nyembamba kama karatasi, na asida, ambayo mla ugali yeyote ataitambua kabla ya kutajiwa jina. Mkongo atampa bugali wa muhogo kwa sombe na ndagala. Hapo msomaji wa Kiswahili na acheke kidogo: sombe ni kisamvu na ndagala ni dagaa, ambao Mkenya amezoea kuwaita omena kwa Kijaluo. Ni Kiswahili hicho hicho, ila kilipanda milima na kushuka upande wa pili.

Nasisitiza majina kwa sababu kitu kisicho na jina katika lugha ya taifa hakionekani na taifa. Chapati, biriani, pilau, sambusa na kachumbari vyote vilitufikia kutoka Uhindi na Uajemi, na leo hakuna anayeviita vyakula vya wageni. Kiswahili hakikuomba ruhusa ya mtu kuvipokea. Lakini mapishi yote ya Kakuma yamebanwa katika fungu moja la maneno, "chakula cha wakimbizi", na maneno hayo humjengea msikizaji picha ya gunia, foleni na kibao cha kupimia. Tazama pia kwamba utaratibu wa kuwapa wakimbizi fedha za chakula kwa simu, ulioanza mwaka 2015, ulibatizwa Bamba Chakula. Bamba ni neno la Sheng. Lugha ya vijana wa mjini ilifika kambini mapema kuliko lugha ya vitabu vyetu.

Yuko atakayeniuliza kama si dhihaka kuzungumzia utamu mahali ambapo mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa hadi chini ya theluthi ya kiwango kamili, na ambapo wenyeji wenyewe walipoteza mifugo katika ukame wa 2020 hadi 2023. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba hoteli hizi ni riziki za watu. Utafiti wa Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC) uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kuwa kambi na mji wa Kakuma vina biashara zaidi ya 2,000, na soko la takriban shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka. Mturkana huuza mbuzi, kuni na makaa, mkimbizi hupika, dereva, mwalimu na karani hula wakalipa. Mgao unapokatwa, sahani za kuuza nazo hupungua, kwa kuwa jirani aliyekuwa akinunua maandazi hana tena cha kununulia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo, na hapa mwenyeji wa mezani mara nyingi ni yule tuliyezoea kumwita mgeni.

Kwa walimu nina ombi mahsusi. Katika darasa moja la Kakuma huketi Mturkana, Mdinka, Msomali na Mkongo, na somo la msamiati wa vyakula likifika, orodha ya kitabu huanzia ugali na kuishia chapati. Kila mwanafunzi na aandike jina la chakula cha kwao, aeleze kwa Kiswahili jinsi kinavyopikwa, na maelezo hayo yahifadhiwe shuleni. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada za tasnifu wasiende mbali: hakuna kamusi ya Kiswahili ninayoifahamu inayotosheleza msamiati wa jikoni za kaskazini. Atakayesafiri kwa kazi hiyo akumbuke kuomba kibali cha kuingia kambini kutoka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, ale kwa mkono wa kulia, asimpige mtu picha pasipo idhini yake, na samaki wa Lodwar awatafute mapema kabla jua halijapanda.