Msomaji Apewe Somo Mapema

Waureno walituachia meza, bendera, leso, hata padri. Igreja yao, yaani kanisa, kwetu ikawa gereza (ajabu kidogo!): ulimi uliitenganisha “gr” kwa irabu, maana silabi zetu hupenda kuishia na irabu. Ubongo nao husoma hivyohivyo. Neno tulilolizoea huutambua kwa mkupuo. Likiwa geni, tunarudi kwenye ba, be, bi za darasa la kwanza.

Ndiyo maana hapa Kiwira msomaji hukwama mimbarini kwenye “Melkisedeki”, na waamini wakapoteza somo zima. Hatumlaumu yeye. Tunawalaumu wanaomkabidhi kitabu Misa ikikaribia kuanza. Apewe somo Ijumaa, alisome nyumbani kwa sauti, silabi kwa silabi, mpaka litoke kama mazungumzo.