Tiketi ya wadi iamuliwe na wenye wadi

Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 unabisha hodi. Kama ilivyo ada, wawaniaji wa viti vya wadi katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba watahangaikia tiketi ya chama kabla ya kumwomba mwananchi kura.

Kiti cha wadi si cha kubezwa. Anayekishinda huingia bunge la kaunti, na bunge hilo ndilo hupitisha sheria ya fedha kila mwaka: ushuru wa mama anayeshusha mkungu wa ndizi kutoka Uganda, ada ya kuegesha trela Malaba, kodi ya kibanda sokoni.

Katika ngome ya chama, mchujo wa kumteua mgombea ndio uchaguzi wenyewe. Anayekabidhiwa cheti cha uteuzi mkononi bila mchujo huwa na deni kwa vigogo waliompa, si kwa wakazi wa wadi ya Burumba au Malaba Central.

Sheria ya Vyama vya Siasa inaruhusu mchujo wa wanachama wote au wa wajumbe. Vyama vichague njia ya kwanza na vitangaze kanuni mapema. Wakazi nao wahakikishe majina yao yamo kwenye sajili ya chama. Asiyemo hana kura ya mchujo. Anayefungiwa mlango anaweza kuwa mgombea huru, mradi ahame chama angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, kama Katiba inavyotaka.

Mfanyabiashara anayesusia mchujo anawaachia wengine kumpangia ushuru. Ajitokeze.