CHROME INAZUNGUKA, FUNDI ANAHESABU NOTI! NSHOMILE, HII BIASHARA YA "VIRUSI" MPAKA LINI?

Kuna fundi simu mmoja pale Bukoba mjini, jina kapuni kwa leo, ambaye ana jibu moja kwa kila mgonjwa. Ukurasa haufunguki? Virusi. Chrome inazungusha kale kaduara mpaka macho yanauma? Virusi. Dawa nayo ni moja tu: kuflashi. Shilingi 15,000, acha simu, njoo jioni.

Sasa sikieni yaliyomkuta binti mmoja wa Nshamba, Muleba. Binti alikuwa anajaza maombi ya mkopo wa chuo kwa simu. WhatsApp inapokea meseji vizuri, ila ukurasa wa maombi unafika nusu unaganda. Kapanda gari mpaka Bukoba, kampa fundi wetu simu. "Dada, hii imeliwa na virusi, tuiflashi." Binti akakubali, angebisha nini na mtaalamu?

Jioni simu ikawa nyepesi, ukurasa ukafunguka, fundi akapewa hela na asante juu. Usiku ndipo binti akagundua sauti za marehemu mama yake, zile za WhatsApp, hazipo tena. Picha za msiba, hazipo. Hakuna aliyemuuliza kama amezihifadhi kwingine.

Na hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Wiki ya pili ugonjwa ukarudi vilevile! Mtoto wa jirani, mwanafunzi wa sekondari, akatazama juu ya kioo akaona herufi E. Akauliza, "Dada, uliweka 2G?" Kumbe ndiyo. Binti huwa anaiweka 2G ili kutunza chaji, kama wanavyofanya wengi wa kule ambako umeme ni wa kuvizia. Meseji ndogo za WhatsApp zinapenya kwenye 2G, lakini ukurasa mzito wenye picha na fomu unakwama mlangoni. Mtoto akarudisha 4G, dakika moja, bure.

Kwa hiyo fundi alimtibu nini? Kuflashi kunarudisha kila kitu kama simu ilivyotoka dukani, pamoja na ile mipangilio ya mtandao. Ndiyo maana ilionekana imepona. Ni sawa na kuchoma nyumba ili kuua panya, halafu unadai hela ya kazi kwa sababu panya hayupo.

Mtakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu huko kusini, intaneti ikayumba Tanzania nzima, Kenya na Uganda nao wakalia. Serikali ikatangaza. Redio zikasema. Lakini fundi kama huyu, siku kama ile, bado anakwambia ni virusi! Kebo imekatika chini ya bahari, yeye anafuta picha za mtu wa Hamugembe. Waitu!

Na tusimwache yule mdada staa wa Instagram, anayejijua, anayetangaza programu ya "kusafisha simu na kuongeza spidi". Spidi ya mtandao inatoka kwenye mnara na kwenye bando. Programu haiwezi kuuongezea mnara nguvu. Nyingi za aina hiyo zinakuletea matangazo, zinakula MB na kujaza nafasi ya simu ambayo tayari imejaa. Mdada kalipwa, mashabiki wanazidi kukwama.

Wapo watakaosema, "Acheni vijana watafute riziki." Sawa kabisa. Fundi akibadilisha kioo, akitengeneza sehemu ya chaji, alipwe tena alipwe vizuri. Hata akikaa dakika tano kutafuta tatizo na kumweleza mteja, adai elfu mbili yake, huo ni ujuzi. Lakini kufuta kabla ya kutafuta siyo riziki. Na mafundi waaminifu wapo, Kashai wapo, Muleba mjini wapo, ndio wanaochafuliwa jina.

Fundi wa kweli anaanza na maswali. Bando lipo? Herufi juu ni E au 4G? Ukurasa mwingine unafunguka? Kama mingine inafunguka na mmoja umeganda, basi mwenye tatizo ni huo ukurasa, kama tovuti ya matokeo inavyozidiwa siku wanafunzi wote wanapoingia kwa pamoja. Kisha anafunga kurasa zilizoachwa wazi arobaini, anatazama nafasi iliyobaki, anafuta kache ya brauza bila kugusa nywila. Anajaribu laini ya simu nyingine. Anatazama simu ina umri gani: tangu Desemba 2023 Chrome mpya haziingii kwenye Android 7 kurudi nyuma, na hilo kuflashi hakuliponyi. Kuflashi ni hatua ya mwisho kabisa, tena baada ya kuhifadhi picha na sauti za mtu.

Kagera inasifika kwa usomi, watani wanawaita watu wake Nshomile na wenyewe wanafurahia. Basi usomi huo uanzie kwenye swali dogo la mteja: "Fundi, umejuaje ni virusi? Nionyeshe." Akishindwa kuonyesha, chukua simu yako uondoke. Sauti ya mama haiuzwi dukani, na hakuna wa kuirudisha.

Je, na wewe ulishafutiwa simu kwa sababu ya kaduara kanakozunguka? Funguka kwenye komenti hapo chini, ila majina ya watu tuyaache kapuni.