Kwao ni Walukuba

Sipingi tunaposema "twende kwa Mhindi" tukitaka daftari au kitambaa. Ninachopinga ni swali tunalomuuliza tukifika: "Mzee, kwenu ni wapi hasa?" Juzi mwenzetu mmoja alimuuliza hivyo muuza vitambaa wa Main Street, hapa Jinja. Mzee akajibu kwa Kisoga kwamba kwao ni Walukuba. Duka zima likacheka. Kichekesho kilikuwa wapi?

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na wengi waliokuwa na uraia wa Uganda walikataliwa karatasi zao. Waliorudi baadaye, wengine walirudi nyumbani. Lakini Katiba ya 1995 inaorodhesha jamii za asili za nchi hii, na Wahindi hawamo.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili ndio tungepaswa kuona aibu zaidi. Gari, laki, gunia, bima: maneno hayo yametoka Bara Hindi, tumeyapa ngeli na wingi, na hakuna mhadhiri anayeyauliza kwao. Chapati nayo tumeiviringisha na mayai, tukaiita rolex, tukaitangaza kuwa chakula cha Uganda. (Nami naila kila asubuhi.)

Mtaniambia baadhi yao huwapunja wafanyakazi mishahara. Ni kweli, wapo, kama walivyo matajiri Wasoga na Wagisu. Anayepunja ashtakiwe kwa mshahara aliopunja. Mzee wa vitambaa tumuulize bei ya mita.